Wanaoshusha Magari Wapewe Kipimo, Wasiachiwe Jicho la Trafiki

Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kinataka gari lolote lililoko barabarani, pamoja na sehemu na vifaa vyake vyote, liwe katika hali ambayo kuliendesha hakutahatarisha watumiaji wengine wa barabara wala abiria waliomo. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 nayo inakataza gari bovu kutembea barabarani. Hakuna mtu makini atakayeyapinga maneno hayo. Shida huanza pale askari anapoisimamisha Subaru iliyolala, bampa likikaribia kugusa lami, na kujiuliza kama ana kosa la kuandika. Kifungu hicho hakimtajii sentimita, wala hakimwambii aangalie kifaa gani. Anabaki na jicho lake. Jicho litaona gari liko chini, litaona dereva ni kijana, na sikio litasikia eksozi inanguruma. Halitaona kama springi zilizomo ndani zilitengenezwa kiwandani kwa ajili ya gari hilo au ni zile zile za zamani zilizokatwa jana uchochoroni kwa mashine ya kukatia chuma. Gari lenye springi za kiwandani linaweza kuwa salama kabisa, na lenye zilizokatwa linaweza kuua, lakini yakiegeshwa pamoja yanafanana. Nadai kwamba kushusha gari kwa springi za kununua ni jambo linaloweza kuruhusiwa bila hofu, kwa masharti yanayopimika na kuandikwa, na kwamba kukosa masharti hayo ndiko kunakowalinda wakata springi na kumsumbua aliyefuata utaratibu.

Tuanze kwa kumtendea haki anayependa gari la chini. Wengi humwona mtu wa mapambo tu, na kweli mapambo yamo, lakini chini ya mapambo kuna fizikia. Gari linapokata kona, uzito huhama kutoka matairi ya upande wa ndani kwenda yale ya upande wa nje, na kiasi kinachohama hutegemea uzito wote uko juu kiasi gani ukilinganisha na upana kati ya magurudumu. Chukua gari la kilo 1,400, ambalo kitovu cha uzito wake kiko sentimita 55 juu ya ardhi na magurudumu yake ya kushoto na kulia yameachana sentimita 150. Likikata kona kwa nguvu iliyo nusu ya mvutano wa dunia, uzito unaohama ni kama kilo 257. Lishushe sentimita 3, hesabu inakuwa kilo 243. Umeokoa kilo 14. Si kidogo kwa anayejali jinsi gari linavyoitika usukani, na springi ngumu kidogo hupunguza pia ule ulalo wa bodi unaowachefua abiria kwenye kona. Lakini kilo 14 kati ya 257 hazigeuzi saluni ya familia kuwa gari la mashindano, na anayemuuzia kijana springi kwa ahadi ya namna hiyo anamdanganya. Faida ipo, ni ndogo, na inapatikana kwa sentimita chache za kwanza.

Gharama yake ndiyo isiyosemwa dukani. Kila gurudumu lina nafasi ya kupanda kabla shokapu haijagonga mpira wa kikomo, na nafasi hiyo ndiyo inayolimeza shimo na tuta. Tuseme gari limetoka kiwandani likiwa na sentimita 8 za kupanda. Ukilishusha sentimita 3, zinabaki 5. Ili springi imeze kishindo kile kile ndani ya sentimita 5 badala ya 8, inabidi iwe ngumu zaidi ya mara mbili na nusu. Ukilishusha sentimita 6, zinabaki 2, na ugumu unaotakiwa ni mara 16. Hakuna anayeuza springi ngumu mara 16 kwa gari la kwenda kazini. Kwa hiyo aliyeshusha kwa sentimita 6 na kubaki na shokapu za zamani haendeshi tena juu ya springi. Anaendesha juu ya mpira wa kikomo, na kila shimo linapigwa moja kwa moja kwenye bodi, kwenye boljointi, kwenye bushi na kwenye shingo za abiria. Springi nzuri za kushushia huongezwa ugumu kwa kiasi tu, hushusha sentimita 2 hadi 4, na mara nyingi mtengenezaji huelekeza mpira wa kikomo ubadilishwe au upunguzwe kwa kipimo alichokitaja. Mtengenezaji amekwisha kuipiga hesabu hii. Mkata springi hajui hata kwamba ipo.

Ukataji wenyewe unastahili kuelezwa kwa undani, kwa sababu ndio unaofanyika zaidi na ndio wenye madhara makubwa. Ugumu wa springi ya mzunguko hutegemea idadi ya mizunguko inayofanya kazi: mizunguko ikipungua, ugumu unapanda. Springi yenye mizunguko 6 ikikatwa mmoja na nusu inakuwa ngumu zaidi kwa theluthi moja, na shokapu iliyopimwa kwa springi laini sasa inashindwa kuituliza, kwa hiyo gari linadunda baada ya kila tuta. Hilo ndilo dogo. Kubwa ni ncha. Springi ya kiwandani imeundwa ncha yake ikae kwenye kikalio chake, ama kwa kulazwa bapa ama kwa kuingia kwenye kijifereji kilichochongwa kwa ajili yake. Ncha iliyokatwa haina mahali pa kukaa. Inasimama kwa ukingo mkali kwenye sehemu ndogo ya kikalio, inakikwaruza rangi, inakaribisha kutu, na siku moja inateleza. Halafu kuna urefu. Gurudumu linaponing'inia, kwa mfano kwenye shimo refu au gari linapoinuliwa na jeki, springi hutakiwa iwe bado imebanwa. Springi iliyokatwa huwa fupi kuliko nafasi yake, hivyo inacheza, inagonga, na kwenye baadhi ya magari inaweza kuhama mahali pake gari likiwa kwenye mwendo. Na kama fundi ametumia gesi badala ya mashine ya kukatia, joto limeiharibu asili ya chuma hicho karibu na pale ulipopita moto, maana chuma cha springi hupata unyumbufu wake kwa kupashwa na kupozwa kwa vipimo maalumu. Wapo wanaoichoma springi bila kuitoa kwenye gari, ikilegea na kujibonyeza yenyewe kwa uzito wa gari mpaka mwenye gari aseme inatosha. Hilo si rekebisho. Ni uharibifu uliolipiwa.

Sasa tugeukie yale yanayotokea hata kwa springi halali zikifungwa kizembe. Magari mengi madogo tunayoendesha yana mkono wa chini unaoshika gurudumu la mbele, ule mafundi wanaouita kontroliamu. Gari likishuka, mkono huo hubadilisha mlalo wake, tairi huinama kwa ndani, na usukani huanza kuvuta kila gurudumu linapopanda au kushuka. Asiyefanya alaimenti baada ya kushusha atagundua baada ya miezi michache kwamba tairi zake zimelika upande wa ndani hadi nyuzi zimetokeza, upande ambao hauoni akisimama kando ya gari lake. Tairi iliyolika namna hiyo ndiyo hupasuka kwenye mwendo wa safari ndefu.

Taa ndizo zinazonishangaza zaidi kwa jinsi zinavyosahaulika. Taa ya mbele iliyo sentimita 65 juu ya ardhi, ikiwa imeelekezwa chini kwa sentimita 1 katika kila mita 1, mwanga wake wa chini unafika mita 65. Tuseme mwenye gari ameshusha mbele kwa sentimita 4 zaidi ya nyuma, kama wengi wanavyopenda pua ya gari iiname, na magurudumu ya mbele na ya nyuma yameachana mita 2.6. Mwinamo huo mdogo usioonekana kwa macho unaongeza kama sentimita moja na nusu katika kila mita. Mwanga uliokuwa unafika mita 65 sasa unaishia mita 24. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hizo ni sekunde moja na kidogo. Mtu anayevuka barabara usiku akiwa na nguo nyeusi ataonekana wakati ambapo hakuna breki ya kumwokoa. Ukishusha nyuma peke yake, mambo yanageuka: mwanga unapanda juu na kumpofusha anayekuja mbele. Parafujo ya kurekebisha taa iko pale pale nyuma ya taa, na kazi yenyewe haimalizi nusu saa penye kifaa cha kupimia. Kwenye magari mapya zaidi kuna jambo la ziada. Subaru zenye mfumo wa EyeSight, ambazo sasa zinaingia kwa wingi kwa sababu Kenya hupokea magari yasiyozidi miaka minane, hutazama barabara kwa kamera zilizopangwa kulingana na urefu wa kiwandani, na kampuni yenyewe inaonya kwamba kubadilisha springi kunaweza kuufanya mfumo usifanye kazi ipasavyo. Mtu ananunua gari linaloweza kujifungia breki lenyewe, kisha analitoa macho.

Nchi zilizolizoea jambo hili zamani hazikulikataza. Ujerumani, ambako kampuni ya Eibach imekuwepo tangu mwaka 1951 na jina lake linajulikana hadi kwa wauza vipuri wetu, ina utaratibu unaoeleweka na kila kijana mwenye gari. Springi ya kushushia huuzwa ikiwa na hati inayotaja ni gari la aina gani, uzito gani kwa kila ekseli, na tairi za ukubwa gani. Namba imechapwa kwenye springi yenyewe. Baada ya kufunga, mwenye gari huenda kwa mkaguzi, ambaye hulinganisha namba ile na hati, hupandisha gurudumu moja juu ya kizuizi ili aone kama tairi inasugua au springi inalegea, kisha mabadiliko yanaingizwa kwenye kumbukumbu za gari. Anayepuuza utaratibu huo anahatarisha kibali cha gari lake kuwa barabarani. Japani, yanakotoka magari yetu mengi, inataka gari dogo libaki na nafasi isiyopungua sentimita 9 kutoka ardhini na springi isicheze kwenye kikalio chake, na ukaguzi wa lazima hufanyika miaka mitatu baada ya gari kuwa jipya na kila baada ya miaka miwili kuanzia hapo. Mwongozo wa Australia nao unaangalia jambo nililolieleza juu: angalau theluthi mbili za nafasi ya gurudumu kupanda lazima zibaki. Kila nchi imechagua pa kukazia, ila zote zimempa mkaguzi kitu cha kupima.

Kwetu kifungu kinachofaa hakihitaji kurasa nyingi. Springi iliyokatwa, kuchomwa au kubanwa kwa vyuma ili ifupike ipigwe marufuku moja kwa moja, bila kujali gari limeshuka kiasi gani, na fundi aliyefanya kazi hiyo awajibike pamoja na mwenye gari. Springi ya kununua iruhusiwe ikiwa imetengenezwa kwa gari la aina hiyo, ina namba inayosomeka, na imeidhinishwa na Shirika la Viwango la nchi husika, KEBS kwa Kenya na TBS kwa Tanzania, mashirika ambayo tayari yanaidhinisha ubora wa bidhaa nyingi tunazotumia kila siku. Theluthi mbili za nafasi ya kupanda zibaki. Nafasi kutoka ardhini isipungue sentimita 12 gari likiwa tupu. Kipimo hicho ni kikali kuliko cha Japani kwa makusudi, maana matuta yetu si ya Yokohama. Karatasi ya alaimenti na ya kupimwa taa ziambatanishwe, na badiliko liingizwe kwenye daftari la usajili kama ambavyo leo mwenye gari Kenya anavyotakiwa kusajili akibadilisha rangi au injini. Askari barabarani angebaki na kazi moja: kuangalia kama kumbukumbu ya gari inakiri kile anachokiona.

Pingamizi la kwanza ambalo msomaji amekwisha kulifikiria ni barabara. Kwa nini kuruhusu gari la chini katika nchi zenye mashimo, matuta yaliyojengwa na wanakijiji kwa kifusi, na barabara za murram zinazoanza mita 100 tu kutoka lami? Pingamizi hili lina uzito, ndiyo maana nimependekeza sentimita 12. Saluni nyingi za Kijapani hutoka kiwandani zikiwa na nafasi ya kati ya sentimita 13 na 16, kwa hiyo sharti hilo peke yake linawabana wengi wabaki kwenye sentimita 2 au 3 za kushusha, na anayeanza na 13 anabaki na moja tu. Zaidi ya hapo, barabara zetu si za namna moja. Anayekaa Nairobi na kutumia Barabara Kuu ya Thika kwenda kazini na kurudi hana mahitaji sawa na mkulima wa Narok. Timu za mbio za magari zinalijua hilo kuliko mtu yeyote: Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 kule Naivasha, magari yaliinuliwa kwa ajili ya mawe na vumbi la Bonde la Ufa, na timu hizo hizo huyashusha zikienda kushindana kwenye lami ya Ulaya. Mtaalamu hulipatanisha gari na barabara yake, kisha anapima. Anayeishi mwisho wa njia ya mawe na bado akashusha gari lake ndani ya kipimo ataharibu sampu yake ya oili, na hasara hiyo ni yake. Serikali ina haki ya kuingilia pale hasara inapohamia kwa mwingine.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na nalichukulia kwa uzito wote. Wapo watakaosema kwamba kila karatasi mpya ni mlango mpya wa rushwa. Kwamba mkaguzi atakaa na muhuri wake akisubiri bahasha, na askari atakuwa na kisingizio cha ziada cha kumsimamisha kijana kila kona. Nakubali kwamba hatari hiyo ipo. Lakini angalia hali ilivyo sasa, isiyo na karatasi yoyote. Askari anaweza kudai gari lolote la chini ni hatari, na mwenye gari hana cha kumwonyesha. Mazungumzo ya pembeni hustawi mahali ambapo kosa ni la maoni. Kosa likiwa sentimita, yeyote mwenye futi kamba anaweza kubishana na askari, na hata hakimu anaweza kuamua bila kuita mtaalamu. Na ukaguzi si lazima uwe wa serikali pekee. Mizizi ya wakaguzi wa Ujerumani wanaojulikana kama TÜV iko Mannheim, ambako bwela la kiwanda cha bia lililipuka mwaka 1865 na wenye mabwela wakaunda chama chao cha ukaguzi mwaka uliofuata, kabla ya enzi ya magari. Walioogopa mlipuko ndio walioanza kujikagua. Kwetu, mchezo wa mbio za magari una wakaguzi wanaochunguza kila gari kabla ya kushindana, watu wanaojua springi kuliko karani yeyote. Vilabu vya wapenda magari, vyenye wanachama wengi Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, vinaweza kutumia watu hao kukagua magari ya wanachama wake hata kabla serikali haijaamka, na kumkatalia aliyekata springi asiingie kwenye misafara yao. Hiyo ingesaidia kuliko faini.

Wengine watasema hili ni suala la watoto wa matajiri, lisilostahili nafasi gazetini wala bungeni. Ningekubaliana nao kama kubadilisha urefu wa gari kungekuwa kwa wanaoshusha tu. Pita Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au Gerezani kule Kariakoo, Dar es Salaam, utakuta kazi ya kuinua inafanyika mchana kweupe. Vitz, Demio na Fielder zinawekwa spesa za chuma au za raba juu ya springi ili zisikwaruze matuta, na wanaofanya hivyo ni walimu, wafanyabiashara wadogo na madereva wa teksi. Hawa pia hubadilisha pembe ya mikono ya magurudumu, hunyanyua taa pale mbele tu inapoinuliwa, na huacha boljointi zikifanya kazi kwa mlalo ambao hazikuundiwa. Kwenye pikapu na Hiace jambo linatisha zaidi. Nyingi za aina hiyo zina vali nyuma inayopima mzigo kwa kuangalia umbali kati ya ekseli na bodi; bodi ikishuka, vali inaelewa kwamba mzigo umeongezeka na inapeleka breki zaidi nyuma. Ishushe Hiace bila kuigusa vali hiyo, magurudumu ya nyuma yatajifunga mapema kwenye lami iliyolowa na gari litaserereka upande. Iinue, vali itadhani gari ni tupu hata likiwa limejaa watu 14, na breki za nyuma zitapungua nguvu pale zinapohitajika zaidi. Kifungu kinachomhusu anayeshusha kitamhusu vilevile anayeinua, na hao wa pili ni wengi na hubeba abiria wengi.

Kuhusu gharama, ni kweli springi halali zina bei, na kukata ni karibu na bure. Ila asiyeweza kununua springi ana njia nyingine isiyogharimu senti: aache gari kama lilivyo. Hakuna mtu anayelazimika kushusha gari ili aishi. Ndiyo maana siwaonei huruma wakata springi kama ninavyomwonea huruma dereva wa teksi anayeinua gari kwa sababu barabara ya mtaani kwake imeoza. Huyo wa pili atengenezewe barabara kwanza ndipo aulizwe kuhusu spesa.

Bima nayo isisahaulike. Mkataba wa bima umejengwa juu ya mwenye gari kusema ukweli wote unaoweza kumfanya mwenye bima afikirie upya hatari anayoichukua. Springi zilizobadilishwa ni ukweli wa namna hiyo. Aliyenyamaza anaipa kampuni sababu ya kulipinga dai lake siku ya ajali, na hapo hatakuwa na hati ya kuonyesha kwamba springi zake zilikuwa nzuri, hata kama kweli zilikuwa nzuri. Badiliko lililoandikwa kwenye daftari la usajili lingemlinda, na lingeipa kampuni ya bima kitu cha kukokotoa badala ya kukisia.

Kwa miaka mingi ukaguzi wa kila mwaka Kenya umeyalenga magari ya abiria na ya biashara, huku gari la binafsi likiachwa kwa hiari ya mwenyewe. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, imekuwa ikiandaa kanuni za kuyaleta magari ya binafsi yenye umri wa zaidi ya miaka minne kwenye ukaguzi, na wananchi wamekuwa wakitoa maoni, mengi yakiwa ya kulalamikia ada. Malalamiko ya ada ni ya haki. Lakini mkaguzi wa kituo cha NTSA cha Barabara ya Likoni, Nairobi, akianza kuyapokea magari hayo bila kifungu cha springi mkononi, atafanya moja kati ya mawili: atalikataa kila gari la chini, au atalipitisha kila moja. Wanaoandika kanuni hizo, na wenzao wa Tanzania kule Dodoma watakapozipitia za kwao, waongeze sentimita, nafasi ya gurudumu, namba ya springi na kipimo cha taa, na wayahusishe magari yaliyoinuliwa sawa na yaliyoshushwa. Wewe mwenye gari usisubiri kanuni hiyo. Fundi akikwambia springi zako atazikata zikiwa tayari ndani ya nusu saa, mwombe ufunguo wako uondoke.